Tübingen: Mji wa Kando ya Mto Ulioichapa Sarufi Yetu

Mwanafunzi wa historia ya Kiswahili hukutana na jina la Tübingen mapema katika masomo yake, na aghalabu hulipita kama abiria apitavyo kituo asichoshuka. Jina hilo huwa limebanwa kati ya jina la mwandishi na mwaka: Krapf, Tübingen, 1850. Kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiswahili kupigwa chapa hakikuchapwa Mombasa, wala Unguja, wala hata London yalikokuwa makao ya chama cha kimishonari kilichomtuma mwandishi wake. Kilichapwa katika mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Neckar, ambako yamkini hapakuwa na mpanga herufi hata mmoja aliyewahi kumsikia Mswahili akizungumza. Nilipojaliwa kukaa mjini humo kwa majuma kadhaa, nilikwenda nikiwa na swali hilo kichwani: huu ni mji wa namna gani, na iliwezekanaje lugha ya pwani yetu ikapita katika mtambo wake?

Tübingen uko kilomita zipatazo 30 kusini mwa Stuttgart. Mji wa kale umekaa juu ya mgongo wa kilima, Neckar ukipita upande wa kusini na kijito cha Ammer upande wa kaskazini. Wakazi wake ni takriban 90,000, na karibu thuluthi yao ni wanafunzi wa chuo kikuu, kiasi kwamba mtu hushindwa kujua ni mji wenye chuo au ni chuo chenye mji. Mgeni anayeshuka kwenye stesheni ya gari la moshi huuvuka mto kwa Daraja la Eberhard, na akiwa pale juu huiona ile sura ya Tübingen iliyojaa katika kadi za posta: safu ya nyumba nyembamba, ndefu, za rangi ya manjano, ya waridi na ya kijani kibichi, zimesimama juu ya ukuta wa kale wa mji, miguu yao ikikaribia kulowa maji. Mbele yake kuna kisiwa kirefu chenye njia iliyopandwa miti mikubwa ya kivuli pande zote mbili tangu karne ya 19. Na mtoni, mitumbwi.

Mitumbwi hiyo ilinifurahisha kuliko kasri lolote. Ni mirefu, chini ni bapa, na haina makasia wala tanga. Baharia wake husimama nyuma na kuisukuma kwa mti mrefu anaoudunga katika sakafu ya mto. Hapo sikuhitaji kamusi, kwa maana huo ni upondo, na watu wa Lamu wamekuwa wakiutumia kupita katika maji haba ya mikokoni tangu enzi na enzi. Kila mwaka, siku ya Sikukuu ya Ekaristi, wanafunzi hushindana kukizunguka kisiwa kwa mitumbwi hiyo, na kikundi kinachoshika mkia hulazimika kunywa mafuta ya ini la samaki mbele ya umati. Nimeona adhabu nyingi za kitaaluma, lakini hiyo ndiyo pekee inayopigiwa makofi.

Juu ya kilima limesimama Kasri la Hohentübingen. Historia iliyoandikwa ya mji huu huanzia hapo, kwani kasri hilo linatajwa mwaka wa 1078 lilipozingirwa na Mfalme Heinrich IV. Chini yake soko lilikua, na kufikia mwaka wa 1231 maandishi yanauita mahali hapo mji. Makabaila waliokuwa wakiutawala walikuwa hodari wa kukopa kuliko kulipa, na mwaka wa 1342 waliwauzia makabaila wa Württemberg mji na kasri lake. Mji mzima, watu na kuta zao, ukaenda kwa sababu ya madeni! Kasri linaloonekana leo ni la karne ya 16 zaidi, na mnara wake mmoja ulilipuliwa na Wafaransa mwaka wa 1647, katika ile vita ya miaka thelathini iliyoiteketeza Ujerumani. Baadaye chuo kikuu kililichukua, na lililokuwa jiko la watawala likawa maabara ya kemia. Humo, mwaka wa 1869, kijana Mswisi aitwaye Friedrich Miescher, akichunguza usaha uliokwanguliwa kutoka bandeji za wagonjwa, alikipata kitu asichokijua ndani ya kiini cha seli. Akakiita nukleini. Sisi leo tunakiita DNA. Jiko lenyewe ni chumba kidogo chenye dari ya mviringo, na mtu anaweza kukizunguka kwa dakika tano. Katika vyumba vya juu kuna makumbusho, na humo mna farasi mdogo aliyechongwa katika jino la mamothi, mwenye umri wa zaidi ya miaka 30,000, aliyechimbuliwa katika mapango ya eneo hilo. Ni mdogo kuliko kidole changu cha kati na shingo yake imepinda kwa madaha.

Kutoka kasrini njia huteremka hadi Uwanja wa Soko. Jengo la baraza la mji lilianza kujengwa mwaka wa 1435, na kwenye paji lake kuna saa ya falaki ya mwaka wa 1511, iliyoundwa na Johannes Stöffler, mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu. Saa hiyo huonyesha mwendo wa jua na mwezi na hata kupatwa kwake. Wakazi hupita chini yake na vikapu vyao vya mboga bila kuinua macho. Nyumba zinazouzunguka uwanja zimejengwa kwa viunzi vya mbao ngumu, nafasi kati ya boriti zikajazwa udongo na mawe na kupigwa chokaa. Nyingi zimeinama kidogo kuelekea barabarani, kama wazee wanaotaka kusikia zaidi. Upande wa chini, kando ya mfereji wa Ammer, ndiko walikoishi wakulima wa mizabibu. Watu hao hawakuwa na Kilatini, na wasomi wa mji wa juu waliwacheka kwa lugha yao ya kijijini. Nao waliwajibu wasomi kwa mizaha mikali ambayo ingali inasimuliwa. Mgawanyiko wa lugha ya wenye elimu na lugha ya wenye jembe si jambo geni kwetu.

Jambo moja humgonga macho mgeni katika mji wa juu, nalo ni vibao. Karibu kila ukuta una kibao cha kuarifu kwamba hapa aliishi fulani, hapa alifundisha fulani. Hapa Hermann Hesse alifanya kazi ya kuuza vitabu, kuanzia mwaka wa 1895 hadi 1899. Hapa, katika nyumba ya mchapishaji Cotta, Goethe alilala mwaka wa 1797. Wanafunzi walichoshwa na sifa hizo hata nyumba ya jirani ikatundikwa kibao chake, kwa herufi kama zile zile, kinachotangaza kwamba hapa Goethe alitapika. Nilicheka hadi wapita njia wakanigeukia. Lakini tangu siku ile nilianza kuvisoma vibao hivyo kwa jicho jingine, nikitafuta nani ameandikwa na nani hakuandikwa.

Chuo kikuu chenyewe kilianzishwa mwaka wa 1477 na Kabaila Eberhard, ambaye kwa sababu ya ndevu zake historia humwita Eberhard Mwenye Ndevu. Alikuwa amehiji Yerusalemu mwaka wa 1468, akarudi na mtende kuwa nembo yake, na mtende huo bado ni alama ya chuo. Kaulimbiu yake ilikuwa neno moja la Kilatini, Attempto, yaani nathubutu. Ni neno linalomfaa mwanzilishi wa chuo. Hata hivyo, katika tangazo lile lile la kukianzisha chuo, Eberhard aliamuru Wayahudi wasiishi tena mjini. Njia yao ingali ipo, imebaki na jina lao, Judengasse, karne tano na nusu baada ya wao kufukuzwa. Walirejea katika karne ya 19, wakajenga sinagogi mwaka wa 1882. Likachomwa moto usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938. Mahali pake leo pana kumbukumbu ya kimya yenye maji yanayotiririka, na niliketi hapo muda mrefu kuliko nilivyoketi kasrini.

Kwa sababu ya mambo hayo, mwaka wa 2022 seneti ya chuo ilijadili kuyaondoa majina ya Eberhard na ya Karl, mtawala wa karne ya 18 aliyewakodisha wanajeshi wake kwa Waholanzi, katika jina rasmi la chuo. Hoja hiyo haikupata wingi wa kura uliohitajika, na majina yakabaki. Sina kura katika seneti hiyo. Lakini nilivutiwa na jinsi watu wazima, wenye shahada zao, walivyokesha na suala la jina. Sisi nasi tuna majina tunayoyatamka kila mwaka madarasani bila kuyahoji, nami nitalifikia moja hivi punde.

Kabla ya hapo sina budi kupita katika Stift, iliyokuwa nyumba ya watawa na kuanzia karne ya 16 ikawa bweni la wanafunzi wa theolojia wa Kiprotestanti. Johannes Kepler aliingia chuoni mwaka wa 1589, na hapa ndipo mwalimu wake Michael Mästlin alipomwonyesha fundisho la Copernicus kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Karne mbili baadaye, Hegel, Hölderlin na Schelling walikuwa wanafunzi wa Stift kwa wakati mmoja, na waliwahi hata kushiriki chumba. Sijui bweni jingine lililowahi kuwa na kelele za namna hiyo. Na kuna Wilhelm Schickard, profesa wa Kiebrania, aliyeunda mwaka wa 1623 mashine ya kufanya hesabu na kumwandikia Kepler barua za kuieleza. Mtaalamu wa lugha ndiye aliyeunda mashine ya hesabu. Wenzangu wanaoambiwa kuwa wanachukua masomo yasiyo na maendeleo wakumbuke jina hilo.

Friedrich Hölderlin ndiye roho ya ukingo ule wa mto. Alipougua akili aliletwa mwaka wa 1806 katika hospitali mpya ya chuo, iliyokuwa ndani ya jengo kuukuu la Burse. Mwaka uliofuata waliotumwa kumponya walikata tamaa, wakamkadiria miaka mitatu tu ya kuishi. Seremala mmoja, Ernst Zimmer, aliyekuwa amekisoma kitabu cha mshairi huyo na kukipenda, akamchukua nyumbani kwake, katika nyumba yenye mnara juu ya ukuta wa mji. Hölderlin hakuishi miaka mitatu. Aliishi thelathini na sita, hadi mwaka wa 1843, katika chumba cha mviringo chenye madirisha yanayotazama mto. Seremala alipofariki, binti yake Lotte aliendelea kumtunza. Wageni walikuja kumtazama kama mtu aendaye kutazama ajabu, naye akiombwa shairi aliliandika papo hapo, kisha akatia saini Scardanelli na tarehe isiyo ya kweli, mara ya karne iliyopita, mara ya miaka ijayo. Mnara huo uliungua mwaka wa 1875 ukajengwa upya, na leo rangi yake ni ya manjano. Nilisimama ndani ya kile chumba nikimfikiria zaidi seremala kuliko mshairi. Msomaji mmoja wa kawaida, mwenye randa na gundi, aliibeba dhamana ambayo chuo kikuu kilishindwa kuibeba.

Sasa tuvuke mto, maana jibu la swali langu halikuwa katika mji wa juu. Upande wa kusini wa Neckar kuna Derendingen, zamani kijiji cha wakulima, leo mtaa wa Tübingen wa mwendo mfupi kwa basi. Una kanisa dogo la Mtakatifu Gallus. Nilikwenda huko kwa sababu ya mtu mmoja nikakutana na wawili.

Wa kwanza ni Primož Trubar, ambaye Wajerumani humwita Primus Truber. Alizaliwa mwaka wa 1508 katika nchi ambayo leo ni Slovenia, akawa padri mjini Ljubljana, akayakubali mafundisho ya Matengenezo, na mwaka wa 1548 ikambidi akimbilie Ujerumani. Wakati huo Kislovenia kilikuwa lugha ya mashambani na ya mahubiri. Hakikuwa na kitabu hata kimoja kilichopigwa chapa. Mwaka wa 1550 Trubar alivichapa Tübingen vitabu viwili vidogo, katekisimu na kitabu cha alfabeti. Ilikuwa kazi ya hatari. Mahali pa uchapaji palitajwa kwa uongo kuwa Transilvania, jina la mchapaji lilikuwa la kubuni, na mwandishi mwenyewe alijiita Philopatridus Illiricus, yaani mpenda nchi yake wa Iliria. Mwanzoni alitumia herufi za Kigothi walizozitumia Wajerumani. Miaka mitano baadaye akaziacha na kuchukua za Kilatini, na Kislovenia kimebaki nazo hadi leo. Alirudi kwao, akafukuzwa tena, na kuanzia mwaka wa 1567 akawa mchungaji wa Derendingen. Agano Jipya lote la Kislovenia lilitoka Tübingen mwaka wa 1582. Alifariki mwaka wa 1586 akiwa bado na kazi ya tafsiri mkononi, na ukumbusho wake umo ndani ya kanisa lile dogo. Waslovenia wameiweka sura yake kwenye sarafu yao ya yuro moja.

Wa pili ni Johann Ludwig Krapf. Alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji hicho hicho cha Derendingen, mwana wa mkulima. Akiwa mvulana alivuka Neckar kwenda katika shule ya Kilatini mjini Tübingen. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi alivyoitazama ramani ya Afrika Mashariki akastaajabia uchache wa majina yaliyoandikwa humo, na jinsi muuza vitabu wa Tübingen alivyomwazima kitabu cha safari za James Bruce huko Uhabeshi. Akasoma theolojia katika chuo kikuu kile kile, akaenda Uhabeshi kama mmishonari, na mwaka wa 1842 Tübingen ikamtunuku udaktari wa heshima kwa miswada ya Kihabeshi aliyoipata. Mwaka wa 1844 akatia nanga Mombasa. Kabla mwaka huo haujaisha nusu ya pili, mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walikuwa wamefariki kwa homa na kuzikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Yeye akabaki akijifunza Kiswahili. Aliporejea Ulaya mwaka wa 1850 alikuwa na miswada mkobani, na aliipeleka mahali alipopajua tangu utotoni.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mwaka wa 1550 mji huu ulikichapa kitabu cha kwanza cha Kislovenia, na mwaka wa 1850, miaka mia tatu kamili baadaye, ukakichapa kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiswahili, na kwamba kijiji kimoja kilimzika mtu wa kwanza na kumzaa wa pili. Sidai kuwa kuna siri yoyote katika tarehe hizo. Kuna mitambo ya uchapaji, iliyokuwapo mjini tangu mwishoni mwa karne ya 15, kuna chuo chenye walimu wa Kiebrania na Kiarabu na Kihabeshi, na kuna imani ya Kiprotestanti iliyoshikilia kwamba kila kabila lazima lisome Maandiko kwa lugha yake. Mambo hayo matatu yakikutana kando ya mto mmoja kwa muda mrefu, vitabu vya lugha za mbali havikosi kutoka.

Nilipoupata ukurasa wa mbele wa kitabu cha Krapf nilishangaa jinsi ulivyo mkavu. Anwani yake ni ya Kiingereza, na tukiitafsiri inasema: muhtasari wa misingi ya lugha ya Kiswahili, kwa kurejelea hususa lahaja ya Kinyika, jina alilowapa Wamijikenda na lugha zao. Chini kuna jina lake, jina la chama chake, jina la mchapaji Fues, na mwaka. Kurasa hazifiki 150. Mwaka uo huo alitoa msamiati wa lugha sita, Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Ni kazi ya kustahiki heshima, na siungani na wale wanaoitupa kwa sababu tu ya ngozi ya aliyeiandika. Alikaa na watu, akasikiliza, akauliza, akaandika katika nyumba ya msiba.

Lakini hapa ndipo ninapotaka kutofautiana na tunavyofundishana. Katika madahalo na hata katika karatasi za mitihani, Krapf huitwa baba wa sarufi ya Kiswahili, na kuna wanaovuka mpaka na kusema ndiye aliyeanza kukiandika Kiswahili. Waslovenia wana haki ya kumwita Trubar baba wa maandishi yao: kabla yake hapakuwa na kitabu, na aliyekiandika alikuwa mwana wa lugha hiyo, akihatarisha shingo yake. Hali ya Kiswahili ilikuwa tofauti kabisa. Wakati Krapf alipofika, Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani, ambao kwa kawaida huwekwa katika mwaka wa 1728, ulikuwa umeshapita karne nzima ukinakiliwa kwa hati ya Kiarabu. Mombasa yenyewe ilikuwa imemzika Muyaka bin Haji mwaka wa 1840, miaka minne tu kabla ya jahazi la mmishonari kuingia bandarini. Mji aliouingia ulikuwa mji wa washairi, wenye wanazuoni na watu waliojua kupima mizani.

Na mmoja wa wanazuoni hao alikuwa mwalimu wake. Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidin, ndiye aliyemsaidia Krapf kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo mwaka wa 1844. Kadhi wa Kiislamu akiketi na mchungaji wa Kilutheri kulitafutia Kiswahili neno la Kiebrania: ni picha inayostahili kufundishwa mwaka wa kwanza, siku ya kwanza. Sura tatu za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847, chini ya jina la Krapf. Jina la kadhi halimo katika ukurasa wa mbele wa sarufi ya 1850.

Kuna jambo zito zaidi. Ndani ya sarufi hiyo Krapf anatetea herufi za Kirumi dhidi ya za Kiarabu, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba hati ya Kiarabu ingeuacha mlango wazi kwa Uislamu. Trubar aliibadili hati ili watu wake wasome kwa urahisi zaidi. Krapf alitaka kuibadili, pamoja na mambo mengine, ili kuwatenga wasomaji na maktaba waliyokuwa nayo tayari. Sisemi kwamba herufi tunazotumia leo hazifai. Makala haya yenyewe yameandikwa kwazo, nami sizioni haya. Nasema tu kwamba mwanachuo wa leo ambaye hawezi kuusoma mswada wa babu zake bila ya kunakiliwa na mtu mwingine ajue kwamba pengo hilo lina historia, na kwamba sehemu ya historia hiyo ilipangwa herufi kwa herufi katika karakana moja ya kando ya Neckar.

Na bado Krapf si mtu wa kueleweka kwa upande mmoja. Alirudi pwani mwaka wa 1851, na mwaka wa 1853 afya ikamwondoa. Mwaka wa 1854 mtu huyo huyo aliyeiogopa hati ya Kiarabu aliipeleka miswada ya tenzi za Kiswahili, iliyoandikwa kwa hati hiyo, katika maktaba ya jumuiya ya Wajerumani ya taaluma za Mashariki mjini Halle. Miongoni mwake kulikuwamo Chuo cha Herekali, ambao ndio huo Utendi wa Tambuka. Wasomi waliokuja baadaye waliufikia kwa sababu yeye aliuhifadhi. Alifariki mwaka wa 1881 huko Korntal, karibu na Stuttgart, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka London mwaka uliofuata. Ni kamusi ya Kimvita hasa, na hadi leo atafutaye maana ya neno la kale la Mombasa hufika humo akakuta sauti ya watu ambao majina yao hayakuandikwa, wakieleza, wakitania, wakimsahihisha mgeni.

Siku yangu ya mwisho Tübingen niliipitia tena njia ya vibao, kuanzia nyumba ya Cotta hadi uwanja wa kanisa. Nilitaka kuiuliza bibi mmoja wa maktaba ni wapi hasa ulipokuwa mtambo wa Fues, lakini ilikuwa Jumapili na maktaba ilifungwa. Ile miswada ya tenzi haiko mji huu. Ilipelekwa Halle, nao ni mji wa kale ulio kando ya mto, mto Saale, mwendo wa saa nyingi kwa gari la moshi kuelekea kaskazini. Majuma yangu yalikwisha kabla ya kufika huko.